Modemu Mapajani

Fundi alikuwa na sheria moja ya kazi, na kwa miaka thelathini na moja hakuna bosi wala mteja aliyemtoa kwenye sheria hiyo: kifaa kikigoma, ondoa kila kitu, kisha rudisha kimoja kimoja. Aliitumia kwenye redio, akaitumia kwenye televisheni, akaitumia hata kwenye pasi ya jirani. Macho yalipomwacha, mwaka na nusu uliopita, sheria ilibaki, maana haikuhitaji macho. Ilihitaji vidole na subira. Vidole alikuwa navyo. Subira, muulize mkewe.

Jumamosi hiyo asubuhi kompyuta ya nyumbani ilikuwa imelazwa ubavu juu ya meza ya sebuleni, bati lake limefunguliwa, na Fundi amekaa mbele yake na bisibisi mdomoni. Kila skrubu aliyoitoa aliitia kwenye kisosi kilichokuwa kushoto kwake, na ole wake atakayekisogeza kisosi hicho.

"Chai yako inapoa," mkewe alisema kutoka jikoni.

"Iache ipoe. Chai haijagoma."

Ndani ya mashine mlikuwa na kadi mbili zenye ugomvi. Ya kwanza ilikuwa modemu, iliyowekwa na binti yao kabla hajaondoka kwenda kufanya kazi ya uuguzi nchi ya mbali, ili barua zake zipite kwenye waya wa simu. Binti huyo walimwita Chiriku tangu utotoni kwa vile mdomo wake haukujua kupumzika, na wao wenyewe wakawa Baba Chiriku na Mama Chiriku, hata majina yao mengine yakaota kutu. Kadi ya pili ilikuwa imelala humo usiku mmoja tu. Ilikuwa kadi ya vipofu, ambayo husoma kwa sauti chochote kilichoandikwa kwenye skrini.

Kadi hiyo ililetwa Ijumaa na Solda, rafiki wa Fundi wa karakana ya zamani. Ilikuwa ya ofisi moja iliyofungwa, na Solda aliiomba kabla haijatupwa. Aliichomeka, akaingiza programu yake, akawasha, wakasubiri wote watatu. Kadi ikakaa kimya.

"Fahali wawili zizi moja," Solda alisema akicheka. "Kila kadi ina namba ya kumwitia mkubwa wa mashine. Hizi mbili zimeshika namba moja. Mkubwa akiitwa hajui kaitwa na nani, basi hamwitikii yeyote. Mimi nawahi kazini. Huyu mgonjwa nakuachia, daktari ni wewe."

Tangu apofuke hakuna mtu aliyekuwa amemwachia Fundi mgonjwa. Alilala usiku ule anatabasamu kama mtoto aliyeahidiwa viatu.

Lakini furaha ya kazi ilikuwa kidogo tu. Kubwa lilikuwa barua. Kila baada ya miezi miwili hivi Mama Chiriku alikaa mbele ya skrini akamsomea, sauti yake imenyooka, maana alikuwa mpiga chapa maisha yake yote na alizoea kusoma ya wengine bila kuyaonea haya. Chiriku alieleza baridi, viatu, wagonjwa wakorofi. Na mwisho wa kila barua palikuwa na maneno yale yale: msalimie sana baba, mwambie namkumbuka kila siku.

"Soma tena hapo mwisho," Fundi alikuwa akisema. Na mkewe alisoma tena.

Alikuwa na sababu ya kutaka yarudiwe. Siku Chiriku alipoondoka, ilikuwa imepita miezi miwili tangu daktari amwambie Fundi kwamba macho hayarudi. Hofu ilikuwa imemvaa mwili mzima, naye hakujua pa kuivulia. Msichana alisimama mlangoni na begi lake, akamwambia, "Baba, naenda." Fundi akajibu, "Ukivuka kizingiti hicho, nimekuzika." Chiriku, ambaye hakuwahi kukosa neno, siku ile alilikosa. Akavuka.

Barua ya kwanza ilipokuja na salamu mwishoni, Fundi alimeza mate akashukuru Mungu wake. Kwa hiyo hakuomba radhi. Mtoto kasamehe mwenyewe, ya nini kufukua? Ndivyo alivyojidanganya, na tusimcheke, wengi wetu tungejidanganya vivyo hivyo. Ila sasa alitaka kukaa na maneno yale peke yake, ayarudie mara kumi, mara ishirini, bila kumsumbua mtu aache sufuria yake motoni. Si kwamba hakumwamini mkewe.

Saa tatu alimpigia simu Solda.

"Hiyo ya sauti imefungwa kwenye namba tano, haihami," Solda alimwambia. "Hamisha modemu. Ipapase, utakuta vijiti vidogo vimesimama viwili viwili, jozi nne, na kikofia kimoja kimevishwa jozi moja. Kivue, ukivishe jozi ya mwanzo kutoka kwenye tundu la simu. Hiyo ni namba tatu, na haina mwenyewe. Halafu mwambie shemeji aandike neno kagua, asome kitakachotokea."

"Na spika?"

"Spika zichomoe kwanza, waya wake utakutega mikono."

Fundi alikipata kikofia. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele, lakini kucha yake ya dole gumba ilikuwa imefanya kazi ndogo kuliko hiyo. Alikivua, akakivisha jozi ya mwanzo, akairudisha modemu, akawasha.

"Mama Chiriku! Njoo unisomee."

Mkewe alikuja akiburuta ndala. Aliandika neno, herufi tano kwa pigo moja, kama mpiga chapa.

"Inasemaje?"

"Inasema kadi ya sauti, namba tano. Modemu, namba tano. Zinagongana."

Fundi alizima, akaitoa modemu, akaipapasa. Kikofia kilikuwa palepale alipokivisha. Labda Solda anahesabu kutoka upande mwingine. Akakipeleka jozi ya mwisho.

"Modemu, namba tano. Zinagongana."

Akakipeleka jozi ya pili.

"Zinagongana," mkewe alisema, na safari hii hakusoma hata yaliyotangulia.

Jasho lilikuwa limeanza kumtoka Fundi shingoni. Si joto. Ni ile aibu ya fundi anayeshindwa na kitu kidogo, na zaidi ya aibu, wazo kwamba labda vidole navyo vimeanza kumwacha.

"Baba Chiriku," mkewe alisema, na sauti yake ilikuwa laini mno, "mambo yamebadilika. Redio zako zilikuwa na adabu. Hizi zina akili zake. Wewe chagua, sauti au barua. Mimi naona hii mpya tuitoe, tumrudishie Solda na shukrani zake. Kwani nikikusomea mimi, kuna ubaya?"

"Hakuna ubaya."

"Basi."

Akarudi jikoni. Fundi aliitoa modemu tena, akaiweka mapajani juu ya kitambaa, chini ya meza, akaanza kuzihesabu jozi upya. Moja, mbili, tatu, nne. Hakuna iliyopinda. Hapo ndipo alipojikumbusha sheria yake mwenyewe, ambayo asubuhi nzima aliiruka kwa pupa: ondoa kila kitu, rudisha kimoja kimoja. Alikuwa hajaijaribu mashine na kadi moja tu. Akaiacha modemu palepale mapajani, akawasha.

"Mama Chiriku, mara moja tu. Ya mwisho."

Ndala zikaja. Vidole vikagonga.

"Kadi ya sauti, namba tano," mkewe alisema. "Modemu, namba tano. Zinagongana."

Fundi aliteremsha mkono chini ya meza. Modemu ilikuwepo. Aligusa tundu lake la simu, akagusa kikofia chake, akagusa meno yake ya shaba yaliyotakiwa kuwa ndani ya mashine na hayakuwemo.

"Soma tena," alisema.

"Nimeshasoma."

"Soma tena, mke wangu."

Akasoma tena, neno kwa neno, vilevile.

Fundi alirudisha mkono juu ya meza. Alipapasa nyuma ya mashine, akachomeka spika, akazima, akawasha upya. Mashine ikavuma, ikakohoa, programu ya kadi ikakagua yenyewe, na kadi ikafungua kinywa. Ilisema Kiswahili cha mgeni aliyeshuka jana akiwa na mafua, kila neno kalivalisha mkazo pasipo pake, lakini ilieleweka.

"Kadi ya sauti. Namba tano. Hakuna kadi nyingine."

Fundi aliinua modemu, akaishika mbele yake ionekane. "Ninayo hapa," alisema.

Kiti kililia. Mama Chiriku alikuwa ameketi.

Miaka ishirini na saba ya ndoa, na Fundi hakuwahi kumshika mkewe kwa uongo. Sasa amemshika, na hajui uongo wenyewe ni wa nini. Mtu anadanganyaje kuhusu namba ya modemu? Ukipofuka unakabidhi watu macho yako, hukagui tena, maana utakagua kwa kutumia nini? Rangi ya shati lake, kiasi cha dawa, sura ya aliyebisha hodi, vyote alivichukua kutoka kinywani mwa mwanamke huyu kama mtu anavyochukua maji ya bomba.

"Usizisikilize hizo barua," mkewe alisema. "Nakuomba. Kwa wema wowote niliowahi kukutendea."

"Zina nini?"

"Nakuomba," mkewe alirudia.

Fundi alikivisha kikofia jozi ya mwanzo, palepale alipokiweka saa tatu, akairudisha modemu, akawasha. "Kadi ya sauti. Namba tano. Modemu. Namba tatu." Ilikuwa imefanya kazi tangu mara ya kwanza. Fundi angeweza kushangilia, na hakuweza.

Barua zilikuwa saba. Solda alimwelekeza kwa simu vitufe vya kuzifungulia, naye alivipata kwa kuhesabu.

"Mama, nimefika salama," kadi ilisema. "Chumba ni kidogo lakini kina dirisha. Kazi ni ngumu. Nitaandika nikipata nafasi. Mwisho wa barua."

Fundi alisubiri. Akarudi nyuma akasikiliza tena, labda mgeni huyu mwenye mafua kauruka mstari. Hakuna mstari uliorukwa. Akafungua ya pili, ya tatu, ya nne. Baridi ilikuwemo. Viatu vilikuwemo. Mzee mkorofi wa kitanda cha kumi na moja alikuwemo. Baba hakuwemo.

Ya tano ilisema: "Mama, unaniandikia kwamba baba ananiomba radhi. Nilifurahi siku mbili. Siku ya tatu nikaisoma tena. Hayo maneno ya mwanangu kipenzi si ya baba. Baba hajawahi kuniita kipenzi hata siku moja. Mama, ni wewe?"

Ya sita ilikuwa habari za kazini tu. Ya saba ilikuwa na wiki tatu.

"Mama, usiniletee tena salamu za baba. Mtu aliyenizika hawezi kunisalimia. Akitaka kunifukua, afukue kwa mikono yake mwenyewe. Mwisho wa barua."

Sebuleni palisikika sufuria tu, ikichemka jikoni bila mtu wa kuifunua.

"Kwenye barua nilizokutajia umwandikie," Fundi alisema, "nilisema habari za paa na bomba. Wewe uliongeza nini?"

"Radhi."

"Zangu?"

"Ulizotakiwa kuziomba."

"Na zile salamu zake ulizonisomea mwaka mzima?"

Mkewe alianza kulia, kilio cha chinichini cha mtu asiyetaka kuonewa huruma. "Ulikuwa huli, Baba Chiriku. Umesahau? Ulikuwa unakaa na sahani mbele yako mpaka chakula kinaganda. Siku nilipokusomea zile salamu, ulikula. Nikasema, basi, nitasoma hivyo hivyo mpaka mwenyewe azilete kweli. Mlikuwa wawili, wote vichwa mawe, na mimi katikati. Ningefanyaje?"

"Ulitupatanisha," Fundi alisema, "na sisi wenyewe hatukuwepo!"

Aligonga meza kwa ngumi. Kisosi kikaruka, skrubu zikatawanyika sakafuni. Mkewe akapiga magoti akaanza kuziokota, huku bado analia, na Fundi akawa anazisikia zikirudi kwenye kisosi, moja, kisha nyingine. Alitaka kuendelea kufoka. Alikuwa na haki ya kufoka, na maneno yalikuwa tayari. Lakini kila alipolishika moja aliona linageuka na kumtazama yeye. Nani alisema "nimekuzika"? Si Mama Chiriku. Nani alikaa mwaka mzima akila salamu bila kulipa hata neno moja? Yule mama alisema uongo kwa sababu yeye alikataa kusema kweli. Aliona haya, haya kabisa, akiwa amekaa palepale kwenye kiti chake.

"Skrubu ni tisa," alisema mwishowe. "Zimetimia?"

"Zimetimia."

"Nionyeshe herufi zilipo."

Kumpigia Chiriku simu hakungewezekana. Kwenye bweni la wauguzi alikokaa simu ilikuwa moja, ya ofisi, na namba yake hakuwahi kuwapa. Barua ndiyo njia, na Fundi alisema ataiandika mwenyewe. Mkewe alimshika vidole akamwekea juu ya vitufe viwili vyenye vipele, akamtajia vinavyovizunguka, kisha akajitenga.

Aliandika tangu saa sita mpaka saa tisa na nusu. Kila kitufe alichokigonga kadi ilikitaja, na mara nyingi ilitaja kingine kabisa. Alifuta, akaandika, akafuta. Chakula kililetwa kikaondolewa. Barua yenyewe ilikuwa hivi:

"Chiriku. Ni baba. Naandika mwenyewe kwa vidole vyangu, kuna kadi inanisomea. Siku ile nilikwambia nimekuzika. Nilikuwa naogopa giza nikakutupia wewe. Nilikosa. Kipenzi hujawahi kulisikia kwangu na hilo nalo ni kosa langu. Mwanngu kipnezi nisamehe."

Mama Chiriku alikuwa amesimama nyuma yake, na ufundi wa miaka yote ulimwasha mikono. "Nikurekebishie hapo mwisho? Herufi zimekosana."

"Usiguse."

"Ni mbili tatu tu."

"Usiguse, nimesema. Akiziona hizo atajua ni mkono wangu. Wewe hujawahi kukosea herufi tangu uzaliwe."

Akatuma. Modemu ilipiga kelele zake za paka aliyekanyagwa mkia, kisha kadi ikasema, "Imetumwa." Zilifanya kazi zote mbili kwa wakati mmoja, hakuna iliyomzuia mwenzake. Solda alipopiga jioni kuulizia mgonjwa, Fundi alimwambia kapona.

Siku tisa zilizofuata Fundi aliwasha mashine kila asubuhi kabla ya kunawa uso. Mkewe hakumuuliza kitu, wala yeye hakumweleza. Walikuwa wanaongea, lakini kwa uangalifu, chumvi imetosha, dirisha nimefunga. Mara moja alimuuliza shati lake ni la rangi gani, na baada ya kujibiwa kuwa ni la bluu, alikaa nalo kidogo kabla ya kulivaa. Mkewe aliona, na ilimuuma.

Siku ya kumi, Jumanne, modemu ilipiga kelele zake, na kadi ikasema, "Barua mpya, moja."

"Mama Chiriku!" Fundi aliita, sauti ikimpanda. "Njoo tusikilize pamoja. Njoo!"

Alikuja na mikono ina povu la sabuni. Akasimama karibu yake, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile Fundi akampapasa mkono akaushika, hivyo hivyo umelowa. Akagonga kitufe.

"Mama," kadi ilisema kwa sauti yake ya mafua, "nimesoma barua yako. Nakuomba kwa mara ya mwisho, acha kuandika kwa jina la baba. Najua unatupenda wote wawili. Lakini safari hii umekosea herufi makusudi ili nikuamini, na nikakuamini, mama, kwa dakika tano nzima, nikalia wodini mbele za wagonjwa. Usinifanyie tena. Ikija nyingine ya namna hii sitaifungua. Mwisho wa barua."

Fundi aliirudia mara moja. Ilisema vilevile.

"Nitamwandikia mimi," mkewe alisema. "Leo hii. Nimwambie mimi ndiye niliyedanganya, na kwamba safari hii ni wewe kweli. Naapa nitamwandikia."

"Mwandikie," Fundi alisema. Alikuwa bado ameshika mkono wake. "Atakuamini?"

Mama Chiriku alivuta kiti akaketi ubavuni pake. Wakakaa hivyo mbele ya mashine iliyowashwa, na kwa muda mrefu hakuna aliyegusa kitufe.